Aliyebaki Rehani

Wolfgang Margwe alikuwa na mikono mizito tangu utotoni, na kijiji kizima cha Mutuka kilikuwa kinalijua hilo. Akiwa darasa la sita alimng'oa meno mawili kijana aliyemzidi kimo, kisa kijana yule alimsukuma dada yake kisimani. Baba yake, mkulima wa mahindi na mbaazi aliyeteremka kutoka milima ya Mbulu, alimchapa fimbo mpaka akachoka mwenyewe. Kisha akakaa kwenye gogo akihema, akamwambia kwamba mtu mwenye mikono ya namna ile asipoitafutia kazi ataishia jela. Wolfgang hakulia. Aliuliza tu chakula kiko wapi.

Kazi ilipatikana zimamoto. Tusidanganyane: wapo wanaoingia kazi ile kwa huruma, lakini yeye hakuwa mmoja wao. Aliipenda kwa sababu ilimruhusu kuvunja. Alivunja milango kwa shoka, akachana mabati, akapasua vioo vya malori yaliyopinduka barabara ya Dodoma kule Bonga na kuwachomoa madereva waliokuwa wakiwalilia mama zao. Konda mmoja alimvuta mpaka nyonga ikateguka, maana mafuta yalikuwa yanavuja na hapakuwa na muda wa kubembelezana. Konda yule anachechemea hadi leo, na kila Krismasi humpelekea Wolfgang jogoo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wapo watu wengi wanaotembea Babati kwa sababu ya mikono ile.

Sasa habari ya maji, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Gari la zimamoto si ziwa. Ukifungua mpira kwa nguvu zake zote, tangi linakauka kabla maji ya ugali hayajachemka jikoni. Hapo gari lazima liondoke likajaze, na moto unabaki unawaka. Askari wote wanalijua hilo. Wananchi hawalijui, na mtu ambaye duka lake linateketea hataki kufundishwa. Ndiyo maana kando ya barabara huwekwa mabomba ya chuma, gari liunganishe mpira palepale na kujaza. Sokoni lilikuwepo bomba la namna hiyo. Kisha Gerson, mfanyabiashara wa mbao, akajenga kibaraza cha zege mbele ya safu yake ya maduka, apate pa kupangia mbao na makochi, na bomba likazikwa chini ya zege. Toka hapo gari likiishiwa maji ilikuwa lazima literemke mpaka Nakwa, ziwani.

Ombeni ndiye aliyekuwa dereva wa gari hilo, na ndiye aliyekuwa rafiki wa Wolfgang. Walikula sahani moja miaka yote ya kazi. Ombeni alikuwa mcheshi, mwoga wa viboko wa ziwani kuliko moto, na kila wakienda kujaza Nakwa alikataa kushuka garini.

Mchana mmoja wa kiangazi godauni la alizeti likashika moto jirani na safu ya Gerson. Alizeti ina mafuta, haizimiki kwa mate. Maji yakaisha. Ombeni akageuza gari, na umati ukaona mgongo wa gari la zimamoto likiondoka huku moto ukipanda juu ya paa.

"Wanakimbia!" mtu akapiga kelele. "Wamekuja na gari tupu!"

Jiwe la kwanza lilivunja taa. La pili lilipiga mlango. La tatu lilipita kwenye dirisha la dereva likamkuta Ombeni juu ya sikio, akaangukia usukani, na honi ikaanza kulia bila kukoma. Wolfgang aliruka kutoka nyuma ya gari akaingia katikati ya watu wale na ngumi zake. Alivunja pua, akavunja mkono wa mtu, akamng'ata mwingine begani, mpaka walipomlaza chini na kumkanyaga mbavu. Alilala pale mavumbini akisikiliza ile honi. Ilipokoma, alijua kwamba wameshamwondoa Ombeni kwenye usukani, na alijua pia kwamba hakuna sababu tena ya kuharakisha.

Polisi walikuja kuuliza nani alirusha jiwe. Soko zima lilikuwepo pale, na hakupatikana hata mmoja aliyekuwa na macho.

Walimzika Ombeni kwao Bonga. Mama yake, Leonia, mwanamke mkavu wa maneno machache, alimsogelea Wolfgang aliyekuwa amefungwa bandeji kifuani.

"Shikamoo, mama," Wolfgang akasema.

"Marahaba. Niambie wewe uliyekuwepo. Mwanangu aliuawa na jambazi?"

"Hapana, mama."

"Aliuawa na nani?"

"Na watu, mama. Watu wa pale pale mjini."

"Wale aliokwenda kuwazimia moto?"

Wolfgang aliangalia viatu vyake, na machozi yakamtoka mbele za watu, yeye ambaye hakulia kwa fimbo ya baba yake. Palepale kaburini aliapa kwamba askari wa zimamoto hatauawa tena kwa mkono wa mtu wa Babati, akiwa hai yeye. Hilo ndilo alilolitaka maishani toka siku ile, na yote yaliyofuata, hata siasa, yalitoka hapo.

Alianza na jambo la kwao. Mutuka, mtu akiazima maksai wa kulimia, zamani alimwacha mwanawe kwa mwenye maksai achunge kule mpaka wanyama warudi. Mtoto akiwepo, hakuna anayelala na wasiwasi. Wolfgang akawaambia wenzake: gari likienda kujaza, mmoja wetu abaki penye moto, amevaa nguo zake zote, watu wamwone. Wakamcheka. Akabaki yeye wa kwanza. Moto ulikuwa wa kibanda cha chipsi, na watu walimtemea mate, wakamvuta kola, kijana mmoja akampiga kwa ubapa wa panga mgongoni. Hakurudisha. Kwa mtu wa mikono ile, hebu fikirieni ilivyomgharimu! Alisema tu, "Gari linarudi. Mimi ni rehani." Gari likarudi.

Likarudi mara ya pili, na ya tatu, na mji ukajifunza. Ikafika mahali moto ukiwaka, wazee wenyewe wanawatuliza vijana: "Acheni fujo, rehani yupo." Wolfgang akawa mkufunzi wa askari wapya. Aliwafundisha kusimama rehani, na ishara za kazini pia, maana penye moto masikio hayasikii. Mwanafunzi wake bora alikuwa Konstebo Conjesta, binti wa wafugaji wa uwanda wa Hanang, mrefu, wa sauti ya chini. Yeye alikuwa na kipaji cha kuongea na watu waliochanganyikiwa. Mwanamke aliyekuwa anapiga mayowe, Conjesta akimshika mkono na kumuuliza jina la mwanawe, alinyamaza.

Lakini bomba lilibaki chini ya zege. Wolfgang alizunguka ofisi zote na habari ya kile kibaraza, na kila ofisi ilimpa kiti na kumwambia arudi. Siku moja, akiwa na hasira, akamwambia mkewe kwamba anaacha kazi agombee udiwani, akalivunje zege lile kwa azimio la baraza kama halivunjiki kwa nyundo.

Xaveria, mkewe, fundi cherehani, aliitoa sindano mdomoni. "Baba Jenifa, wewe na siasa wapi na wapi? Siasa inataka ulimi. Wewe una ngumi."

"Nitajifunza ulimi."

Na kweli alijifunza, ila ngumi hakuziacha nyumbani. Kampeni ile ilikuwa chafu. Vijana wa mgombea mwingine walimvizia Samweli, mpiga debe wake, wakamchapa kwa cheni ya baiskeli mpaka jicho moja likafumba moja kwa moja. Kesho yake Wolfgang akawafuata kijiweni mchana kweupe, akaiokota ile ile cheni mezani pao na kuwarudishia walichokitoa. Mmoja alitambaa kwa magoti mpaka kituo cha bodaboda. Mji ukafurahi kupita kiasi. Watu waliokuwa hawamjui wakaanza kumwita "Mheshimiwa" kabla hata ya kura.

Kura za ndani ya chama ndizo zilizomkwaza, maana wajumbe hawashibi kwa ushujaa. Hapo ndipo Gerson alipokuja nyumbani kwake, na lori lake, na spika zake, na ng'ombe wa kuwachinjia wajumbe.

"Mimi sina ugomvi na wewe," Gerson alisema akiweka kofia gotini. "Nakutakia mema. Ila kibaraza changu usikitaje majukwaani. Kiache kwanza."

Wolfgang alikubali, akifikiri: nikishaingia nitakivunja. Wangapi wamelifikiri hilo kabla yake! Alishinda. Akala kiapo. Na alipotaka kusimama barazani kuzungumzia bomba, alimwona Gerson amekaa viti vya wageni, anampungia mkono kwa upole, na ile nyama ya ng'ombe ikamrudia kooni. Akasema suala la mabomba litazamwe kwa mapana yake. Akakaa. Halafu Gerson akampa Xaveria chumba kizuri kwenye safu ile ile ya maduka, chenye stoo nyuma, afungue duka la kushonea, na Wolfgang hakukataa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Siku safu ile iliposhika moto alikuwa kikaoni, wanajadili machinjio. Simu ikaita. Akaisikiliza, akainuka bila kumwomba mwenyekiti ruhusa, akatoka mbio na suti yake, akadandia bodaboda ya kwanza aliyoiona. Cheche za mashine ya kuranda katika karakana ya Gerson, pembeni mwa safu ile, zilikuwa zimeangukia maranda, na karakana yote ilikuwa inawaka, na kutoka karakana moto ulikuwa umehamia madukani.

Alipofika alikuta gari halipo. Hakuhitaji kuuliza, alijua limekwenda Nakwa. Alijua ni muda wa kwenda, wa kusubiri pampu, na wa kurudi. Aliyajua yote hayo kuliko mtu yeyote katika uwanja ule.

"Mheshimiwa, mama yuko ndani!" kijana mmoja wa mbao alimlilia. "Alikuwa stoo anakata vitambaa, moto ukamzibia mlango!"

Wolfgang alikwenda mlangoni kwa miguu yake. Joto likamsukuma nje, nyusi zikaungua, mkono wa koti ukashika moto, watu wakamwangusha na kumpigapiga kwa mashati. Aliinuka akazunguka nyuma. Gerson alikuwa amejenga stoo zile kwa kuwaogopa wezi: tofali za saruji, dirisha dogo la nondo juu kabisa, na moshi mweusi ulikuwa unatoka pale dirishani. Nyundo kubwa zilikuwa ndani ya gari. Gari lilikuwa ziwani.

Na pale chini ya ukuta alikuwepo rehani.

Alikuwa Conjesta. Hakuwa amesimama watu wamwone. Alikuwa amepiga magoti, kofia yake ngumu ameivua na kuiweka chini, paji la uso ameliegemeza ukutani, mgongo ameupa umati.

"Muone huyo!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Amekaa kivulini, mtu anaungua!"

"Amejificha! Hana hata haya!"

"Konstebo!" Wolfgang alinguruma. "Inuka! Fanya kazi!"

Conjesta hakugeuka. Aliinua mkono mmoja nyuma yake, kiganja wazi, kama mtu anayemwambia mwenzake asubiri kidogo.

Ule mkono ndio uliommaliza. Mkewe anakufa, na binti huyu anamwambia asubiri! Kulikuwa na mbao zilizoanguka, mbili kwa nne. Aliokota moja. Kama kulikuwa na kitu kichwani mwake wakati ule, hakikuwa Ombeni, wala Leonia, wala kiapo. Kilikuwa ni sauti tu inayosema wanakimbia, wamekuja na gari tupu. Alipiga mara moja. Wolfgang alikuwa na mikono mizito, nimeshasema. Conjesta aliteleza ukutani taratibu akalala ubavu, na damu ikamtoka sikioni.

Umati ulipoona diwani amepiga, ukapata ruhusa. Wakaja na miguu yao. Walimpiga mateke tumboni, usoni, mgongoni. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni naye alikuja kupiga teke lake. Wolfgang alikuwa katikati yao ameshika ubao, anapiga kelele ambazo hata yeye hakuzielewa. Hakuna aliyesema rehani yupo.

Kisha honi. Gari lilikuwa linarudi, limejaa, linakata kona. Sajini Theodori alishuka na nyundo kabla halijasimama. Aliwasukuma watu, akamwona Conjesta chini, akasita. Kisha akaiona kofia. Haikuwa imetupwa, ilikuwa imewekwa wima kwenye ukuta, paji likitazama tofali.

"Hapa! Vunjeni hapa!"

Hakuuliza mtu yeyote. Kofia ikiwekwa chini ukutani namna ile, maana yake ni moja: nyuma ya ukuta huu, mahali hapa, kuna mtu hai. Kila askari wa pale aliijua ishara ile, kwa kuwa Wolfgang ndiye aliyewafundisha. Aliitazama kofia. Ubao ukamtoka mkononi.

Nyundo zilifungua tundu, na wakamtoa Xaveria kwa mabega, mweusi wa moshi, kitenge kilicholowa kimemfunika mdomo, lakini anakohoa, na anayekohoa yu hai. Umati ulilipuka kwa vifijo. Wakamwinua Wolfgang juu kwa juu. Kabla gari halijamaliza kuzima, habari ilikuwa imeshafika Bonga: Diwani aliwapiga zimamoto mpaka maji yakaja. Msipowapiga, hawaji. Alijaribu kushuka mabegani mwao na hawakumruhusu.

Conjesta alifia njiani kwenda hospitali. Polisi waliuliza nani alipiga, na kwa mara nyingine soko zima halikuwa na macho. Theodori peke yake ndiye aliyemtazama Wolfgang, akatema mate chini, akaenda kukunja mipira.

Jioni ile Wolfgang alikaa kando ya kitanda cha mkewe wodini, mikono ameiweka katikati ya magoti. Nje ya uzio watu walikuwa wamejaa, wanaimba.

"Baba Jenifa," Xaveria alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzwa na moshi.

"Naam, mama."

"Yule binti yuko wapi?"

"Binti gani?" alisema, na alijua ni binti gani.

"Aliyekuwa ananisemesha ukutani. Chini kabisa palikuwa na katundu ka hewa. Aliniambia nilale, niloweshe kitenge kwa chai iliyokuwa kwenye chupa, nikae na mdomo pale pale kwenye tundu. Akaniambia nisiache kuongea, gari limekwenda kujaza, yeye haondoki. Nilimwambia naogopa kufa. Akaniuliza mwanangu anaitwa nani. Nikamwambia Jenifa. Akaniuliza yuko darasa la ngapi, nikawa namjibu, halafu akanyamaza ghafla. Nikaita, nikaita. Nikajua ukuta umemwangukia."

Wolfgang aliitoa mikono magotini, akaiweka ukingoni mwa kitanda.

"Amekufa," alisema.

"Ukuta?"

Mtu aliyejifunza ulimi angepata maneno pale. Ukuta lilikuwa jibu zuri, na hakuna hata mmoja katika mji ule ambaye angelikanusha.

"Hapana. Nilimpiga mimi. Nilidhani amekaa tu."

Xaveria aliuchukua mkono wake uliokuwa karibu na wa mumewe, akauingiza ndani ya shuka, akageuzia uso dirishani, kule zilikotoka sauti.

"Na hao nje wanaimba nini?"

"Wananiimba mimi," alisema Wolfgang.